Kupanga vyombo vya uvuvi vya Lamu kwa makundi: njia ipi itakufaa?

Jedwali la uvuvi likishapita safu tano au sita, jicho linashindwa. Chukua vyombo 200 vya Lamu, kuanzia hori ndogo za Shela hadi mashua na boti za faiba za Kizingitini. Kila chombo kina urefu wake, nguvu ya mashine kama kina mashine, idadi ya mabaharia, zana, saa zake za baharini, na uzito wa kila aina ya samaki kinaoshusha. Unataka kujua humo ndani mna makundi mangapi ya wavuvi, ili karani wa BMU, yaani kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, ajue apime vyombo gani, au ili kanuni mpya ya zana isije ikawabana watu ambao haikuwalenga. Hakuna aliyekwambia mapema nani ni wa kundi gani. Data yenyewe ndiyo iseme, na kazi ya kuisemesha inaitwa uchanganuzi wa makundi.

Njia zake ni nyingi. Hapa nalinganisha tano zinazotumika sana, na nitasema wazi ninayoipendelea kwa data ya aina hii. Lakini jambo moja nalitanguliza, kwa sababu naliona likirukwa kila mara: jina la njia ni uamuzi wa pili. Wa kwanza ni umbali, yaani utakavyopima kufanana kwa chombo hiki na kile. Watu wawili wanaweza kubishana kutwa nzima juu ya njia huku wote wanatumia umbali usiofaa, na wote wawili watoke na makundi ambayo nahodha yeyote angeyakataa kwa kuyatupia jicho mara moja.

Umbali kwanza

Tuchukue vyombo vitatu na vigeu vitatu, kila kigeu kikiwa ni safu moja ya jedwali: urefu kwa mita, mabaharia, na kilo za samaki kwa safari. Chombo A kina mita 6, watu 2, kilo 40. Chombo B kina mita 11, watu 7, kilo 45. Chombo C kina mita 6, watu 2, kilo 60. Kwa akili ya kawaida, A na C ni ndugu; C alipata siku njema tu. Sasa pima umbali wa kawaida wa mstari mnyoofu: toa thamani, weka kwenye mraba, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Kati ya A na B unapata 8.66. Kati ya A na C unapata 20. Kompyuta imeamua kwamba kidau cha watu wawili kinafanana zaidi na mashua ya watu saba kuliko na pacha wake, kwa kuwa kilo zina namba kubwa kuliko mita.

Dawa ni kusanifisha. Kila thamani itolewe wastani wa safu yake, kisha igawanywe kwa mkengeuko sanifu wa safu hiyo, yaani kiasi ambacho thamani zake kwa kawaida hutofautiana na wastani. Tuseme mikengeuko ni mita 2.5, watu 2.5 na kilo 20. Umbali wa A na B unakuwa 2.84, na wa A na C unakuwa 1. Mambo yamerudi mahali pake, na bado hatujagusa njia yoyote ya kupanga makundi. Uzito wa samaki una tatizo lake la ziada: safari nyingi ni za kilo chache na moja moja ni ya kilo nyingi mno. Ni vizuri kuchukua logi (logarithi) ya uzito kabla ya kusanifisha, la sivyo safari moja ya bahati itavuta kila kitu upande wake.

Ukija kwenye aina za samaki, hata kusanifisha hakutoshi, na hapa ndipo ninapoomba msomaji asimame kidogo. Safari ya kwanza imeleta changu kilo 20 na tafi kilo 10. Ya pili imeleta changu kilo 2 na tafi kilo 1. Ya tatu imeleta kamba mawe kilo 3, basi. Umbali wa mstari mnyoofu kati ya ya kwanza na ya pili ni 20.12; kati ya ya pili na ya tatu ni 3.74. Maana yake, mvuvi wa mshipi aliyepata kidogo amewekwa pamoja na mzamiaji wa kamba ambaye hawana hata samaki mmoja wa kushirikiana, kwa sababu tu wote wawili walirudi na kapu jepesi. Ukigeuza uzito kuwa sehemu ya jumla ya kila safari, ya kwanza na ya pili zinalingana kabisa, theluthi mbili changu na theluthi moja tafi, umbali wao ni sifuri. Ukitaka uzito wenyewe nao usikike, tumia kipimo cha Bray na Curtis, kilichotokana na utafiti wao wa misitu ya Wisconsin uliochapishwa mwaka 1957: jumla ya tofauti igawanywe kwa jumla ya vyote. Hapo safari ya kwanza na ya pili ziko umbali wa 0.82, na ya pili na ya tatu ziko umbali wa 1, ambao ndio mwisho wa kutofanana. Wanaikolojia wanaupenda kwa sababu hiyo: kukosa samaki fulani kwa pamoja hakuhesabiwi kuwa ni kufanana.

Kisha kuna zana. Jarife, mishipi, madema, kuzamia: haya ni majina, hayana wastani. Kuyapa namba 1, 2, 3 na 4 ni kumwambia kompyuta kwamba jarife iko karibu na mishipi kuliko ilivyo karibu na kuzamia, jambo ambalo hakuna aliyelisema. Kwa jedwali lenye mchanganyiko wa namba na majina, kipimo cha Gower cha mwaka 1971 ndicho kinachostahili. Kwa kigeu cha namba, tofauti inagawanywa kwa upana wa safu nzima; kwa kigeu cha jina, sawa ni 0 na tofauti ni 1; kisha unachukua wastani. Chombo cha mita 6 na cha mita 11, katika orodha inayoanzia mita 5 hadi 15, vinatofautiana 0.5. Zana tofauti, 1. Vyote vina mashine, 0. Umbali wao ni 0.5. Kwenye R, programu ya takwimu, kazi hii hufanywa na amri ya daisy. Angalia tu uzito: jina likitofautiana linatoa 1 kamili, ilhali namba ni nadra kufika huko, kwa hiyo usipoangalia, majina yatatawala. Kipimo kinaruhusu kupunguza uzito wa kigeu chochote, na ni haki kuupunguza, mradi uandike kwamba umeupunguza na kwa nini.

Jambo la mwisho kabla ya njia zenyewe ni msimu. Wakati wa kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, vyombo vinatoka nje ya miamba. Wakati wa kusi bahari ya nje inachafuka, na wengi wanabaki ndani ya mikono ya bahari kati ya visiwa, au wanabadilisha zana kabisa. Ukichukua wastani wa mwaka mzima wa chombo kimoja, umetengeneza chombo cha tatu ambacho hakijawahi kutweka tanga. Mstari wa jedwali uwe chombo kwa msimu: mashua hiyohiyo iwe na mstari wa kaskazi na mstari wa kusi. Halafu utaona ni zipi zinazohama kundi upepo unapogeuka, na hilo peke yake ni tokeo la maana.

Njia ya wastani wa K

Hii ndiyo kila mtu huanza nayo, na kwenye programu utaikuta kwa jina la kmeans. Unachagua idadi ya makundi, K. Kompyuta inaweka vituo K, kila chombo kinaenda kituo kilicho karibu, kila kituo kinahamia kwenye wastani wa vyombo vyake, na mzunguko unarudiwa mpaka hakuna anayehama tena. Stuart Lloyd aliiandika Bell Labs mwaka 1957 kwa kazi ya mawimbi ya simu, ingawa ilichapishwa mwaka 1982. Jina lenyewe lilitolewa na MacQueen mwaka 1967.

Sifa yake ni mwendo. Mistari laki moja haiisumbui. Ikiwa vigeu vyako vyote ni namba zilizosanifishwa, makundi yako ni ya mviringo na ukubwa wao unakaribiana, hutajuta.

Vyombo vya Lamu haviko hivyo, na hii ndiyo hoja yangu kubwa dhidi yake. Njia hii inapunguza jumla ya miraba ya umbali. Tuseme kati ya vyombo 200 kuna 12 vya wazamiaji wa kamba na 120 vya mishipi. Kuwapa wale 12 kituo chao kunapunguza jumla kidogo. Kulikata lile kundi la 120 vipande viwili huenda kukaipunguza zaidi. Basi njia inachagua kukata wengi na kuwameza wachache. Haijakosea kwa mujibu wa kanuni yake. Lakini kwa anayepanga usimamizi wa uvuvi, wale 12 ndio wanaobeba samaki wa bei na hatari za kuzamia, na kanuni inayohusu kamba itawagusa wao kabla ya mtu mwingine yeyote. Kuwapoteza ndani ya kundi la mishipi ni kuwaondoa mezani.

Kasoro nyingine ni ya kitaalamu zaidi na dawa yake ni rahisi: matokeo yanategemea vituo vilipoanzia. R huanza mara moja tu usipoiambia vinginevyo. Weka nstart, yaani idadi ya mianzo, iwe 25 au zaidi, ichague jibu bora. Na usisahau kwamba mraba unakuza umbali mkubwa, kwa hiyo chombo kimoja cha ajabu kinaweza kuburuta kituo kizima.

Mti wa makundi

Njia ya ngazi haikuombi idadi ya makundi. Inaanza na kila chombo peke yake, inaunganisha viwili vilivyo karibu zaidi, kisha inaendelea kuunganisha mpaka vyote vimekuwa kimoja. Unachopata ni mti unaoitwa dendrogramu: matawi yaliyoungana chini yanafanana sana, yaliyoungana juu yanafanana kidogo. Unaukata mti kwa urefu unaotaka na kuhesabu matawi.

Swali ni umbali kati ya kundi na kundi unapimwaje, na majibu manne yanatoa miti minne tofauti kutoka kwenye data ileile. Ukipima kwa wanachama walio karibu zaidi, makundi yanashikana kama mnyororo: chombo kimoja cha katikati kinatosha kuunganisha pande mbili zisizofanana kabisa. Ukipima kwa walio mbali zaidi unapata makundi yaliyobanana, na hicho ndicho R inachokifanya usipochagua. Ukichukua wastani wa jozi zote uko katikati. Njia ya Ward, ya mwaka 1963, inaunganisha makundi yatakayoongeza kidogo zaidi jumla ya miraba, kwa hiyo ni jamaa wa karibu wa wastani wa K na ina tabia yake ileile ya kupenda makundi yanayolingana ukubwa. Kwenye hclust, amri ya R ya kujenga mti, chagua ward.D2, hiyo ndiyo inayofuata kanuni ya Ward ukiipa umbali wa kawaida ambao hujauweka kwenye mraba. Na Ward inadai umbali wa mstari mnyoofu. Ukiwa na Bray na Curtis, au Gower, mimi ningechukua wastani wa jozi.

Wastani wa jozi una fadhila ninayoithamini: unaruhusu tawi dogo libaki peke yake hadi juu. Wale wazamiaji 12 utawaona kwenye mti wamesimama kando, hata ukikata pale ambapo wengine bado wako pamoja. Fadhila nyingine ni kwamba mti unaonyesha ukoo. Unaona kwanza vyombo vya ndani ya mikono ya bahari vikijitenga na vya nje, kisha ndani ya vya nje jarife ikiachana na mishipi. Orodha ya makundi matano haikuambii hayo.

Hasara zake ni mbili. Muungano uliokwisha kufanyika haufunguliwi, hata ikibainika baadaye kwamba ulikuwa mbaya. Na kumbukumbu: vyombo 200 vina umbali 19,900 wa jozi, si kitu, lakini mistari 10,000 ina umbali 49,995,000, karibu megabaiti 400 kabla hujaanza kazi. Ili kujua kama mti unasema kweli, pima uwiano wa kofenetiki, unaolinganisha urefu ambao jozi ziliungania na umbali wao wa asili. Ukikaribia 1, mti unaaminika. Ukiwa chini sana, mti ni mzuri wa kutazama tu.

Wawakilishi halisi

Hii ndiyo ninayoipendelea kwa orodha ya vyombo. Kwenye R inaitwa pam, na iliwekwa na Kaufman na Rousseeuw mwaka 1987. Inafanana na wastani wa K, isipokuwa kituo cha kila kundi lazima kiwe chombo halisi kilichomo kwenye orodha. Tofauti hiyo ndogo inazaa mambo makubwa.

La kwanza, haihitaji wastani, kwa hiyo inakubali umbali wowote: Gower kwa jedwali la mchanganyiko, Bray na Curtis kwa aina za samaki. La pili, umbali hauwekwi kwenye mraba, hivyo chombo cha ajabu hakiburuti wengine. La tatu ndilo lililonivuta. Kituo cha wastani wa K kinaweza kuwa chombo cha mita 7.3 chenye mabaharia 3.6 na nusu mashine. Hakuna anayeweza kwenda kukitazama. Mwakilishi wa pam ni chombo kilichofungwa Matondoni au Faza, chenye jina ubavuni na nahodha wa kuulizwa. Ukiwasilisha matokeo mbele ya wavuvi, unasema "kundi la pili ni vyombo vya namna ya kile pale", na kila mtu anajua unazungumzia nini na anaweza kukupinga. Njia inayompa mvuvi nafasi ya kukupinga ina thamani ambayo haionekani kwenye kipimo chochote cha takwimu.

Nilishuhudia mzee mmoja wa Faza akisomewa orodha ya namna hii. Karani alimwuliza, "Mzee, huyu na huyu tumewaweka pamoja, wote mishipi. Ni sawa?" Mzee akatikisa kichwa. "La, mwanangu. Huyu wa pili ni mtu wa kamba. Mshipi hushika maji yakiwa machafu, hana la kufanya." Jedwali lilikuwa na safu moja tu ya zana, na karani alikuwa ameandika zana ya siku ile. Hakuna njia ambayo ingeligundua hilo. Ilibidi safu ya zana igawanywe kuwa safu moja kwa kila zana, ndiyo au hapana, kwa msimu mzima. Ukifanya hivyo, safu hizo zihesabiwe kwa namna ya Jaccard, ambapo wawili wasiotumia madema hawapati alama ya kufanana kwa hilo.

Udhaifu wa pam ni kwamba bado unachagua K mwenyewe, ni nzito kwa maelfu mengi ya mistari, na kundi dogo sana linaweza kumezwa ukiweka K ndogo. Kwa sababu hiyo huwa naitanguliza kwa mti wa wastani wa jozi: mti unanionyesha kama kuna tawi dogo la kulindwa, kisha pam inanipa wawakilishi.

Michanganyiko ya kengele

Hapa unadhani kila kundi ni wingu lenye umbo la kengele, kila wingu lina upana na mwelekeo wake, na data yako ni mchanganyiko wa mawingu hayo. Jibu halisemi "chombo hiki ni cha kundi la pili". Linasema 0.7 la pili, 0.3 la tatu. Ni njia yenye nasaba ya baharini: mwaka 1894 Karl Pearson aligawanya vipimo vya kaa 1,000 waliotoka Naples kuwa kengele mbili zilizochanganyika, na alihesabu kwa mkono. Leo hesabu inafanywa kwa mzunguko ulioelezwa na Dempster, Laird na Rubin mwaka 1977.

Kwa urefu wa samaki, ni njia bora kuliko zile nyingine nne. Pima urefu wa changu wa mwezi mmoja, na vilima utakavyoona kwenye mchoro mara nyingi ni rika tofauti za samaki. Njia hii inazitenganisha hata pale zinapopandana. Kwa vyombo 200 ningeiogopa. Vigeu 6 vinadai kwa kila kundi wastani 6 na thamani 21 za mitawanyiko, jumla 27. Makundi manne yanakuwa 108, na hisa tatu za ukubwa wa makundi zinafanya 111. Kukadiria vitu 111 kutoka kwa vyombo 200 ni kujidanganya, isipokuwa ulazimishe mawingu yafanane umbo. Tena haikubali majina ya zana katika sura yake ya kawaida.

Hata pale inapong'aa, inafundisha unyenyekevu. Maua ya airisi ya Fisher ya mwaka 1936 ni 150, spishi tatu, hamsini hamsini, vipimo vinne kila ua. Wastani wa K ukiambiwa makundi matatu hutoa 50, 62 na 38, na maua 16 yamekaa pasipo pao. Michanganyiko ikiambiwa matatu hukosea maua 5 tu. Lakini ikiachwa ichague idadi yenyewe kwa kipimo cha BIC, kinachoadhibu jibu lenye vitu vingi vya kukadiria, inachagua mawili, kwa tofauti ndogo sana na matatu. Spishi ni tatu na mtaalamu wa mimea anajua ni tatu.

Msongamano, kwa ajili ya ramani

DBSCAN ilitolewa mwaka 1996 na Ester, Kriegel, Sander na Xu. Inauliza maswali mawili: umbali gani ni jirani, na majirani wangapi wanafanya msongamano. Palipo na msongamano kundi linaendelea kukua kufuata umbo lolote, na nukta zilizobaki peke yake zinaitwa kelele na haziwekwi popote. Hakuna K.

Kwa jedwali la vigeu vingi siipendekezi. Vigeu vikiwa vingi kila nukta huwa mbali na kila nukta, na msongamano haueleweki. Kwa nukta za GPS ndiyo njia yenyewe. Sehemu za uvuvi hufuata mwamba, ndefu na nyembamba, na wastani wa K huzikata vipande vya mviringo visivyo na maana baharini. Badilisha digrii ziwe mita kwanza kwa UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita; kanda ya Lamu ni 37 Kusini. Lamu iko digrii mbili tu kusini ya ikweta, kwa hiyo digrii moja ni takriban kilomita 111 pande zote, na ujirani wa mita 500 ni kama digrii 0.0045. Toa nukta za bandarini kabla ya kuanza, maana chombo hulala hapo na kundi kubwa kuliko yote litakuwa ufuo wa mji. Toa pia nukta za mwendo wa kasi, hizo ni za safari.

Na usisahau kisiwa cha Manda. Nukta moja upande wa mkondo wa Mkanda na nyingine upande wa bahari kuu zinaweza kuwa karibu kwenye ramani, ilhali chombo lazima kizunguke kisiwa. Pima umbali wa maji. Ikiwa msongamano unatofautiana sana, mathalani mahali pa madema pana nukta nyingi na pa jarife pana chache, HDBSCAN, toleo la DBSCAN la mwaka 2013, inaondoa haja ya kuchagua umbali mmoja kwa wote.

Mangapi, na yapo kweli?

Wastani wa K na pam zitakupa makundi matano hata ukizipa namba za bahati nasibu. Kwa hiyo jaribu kuvunja matokeo yako kabla mtu mwingine hajayavunja. Siluwesti, ya Rousseeuw, 1987, inapima kila chombo kiko karibu kiasi gani na kundi lake kuliko kundi jirani, kuanzia −1 hadi 1. Kwa wastani, juu ya 0.7 muundo ni imara, 0.5 hadi 0.7 ni wa kuridhisha, 0.25 hadi 0.5 ni dhaifu, chini ya hapo pengine hakuna makundi. Data ya uvuvi mara nyingi hukaa kwenye ukanda dhaifu, na hilo liandikwe lilivyo.

Halafu changanya kila safu ya jedwali peke yake, uvuruge uhusiano wote kati ya safu, na urudie hesabu mara mia. Ikiwa siluwesti ya data iliyovurugwa inakaribia ya data halisi, acha. Mwisho, chukua sampuli za marudio, yaani chagua vyombo upya kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha ileile na upange tena, kisha uangalie kila kundi linarudi mara ngapi. Hennig, mwaka 2007, alipendekeza kufanana kwa Jaccard, yaani wanachama wa pamoja kugawanywa kwa wanachama wote wa makundi mawili, kwa 0.75 au zaidi kuwe alama ya kundi thabiti. Jaribio hili ndilo la haki kwa makundi madogo, kwa sababu linahukumu kila kundi kivyake. Kundi la wazamiaji 12 linaweza kurudi karibu kila mara huku kundi la vyombo 70 likivunjika kila unapoligusa, na wastani wa jumla usingekuonyesha hivyo.

Ningechagua nini

Orodha ya vyombo na zana, mamia machache: Gower, mti wa wastani wa jozi, kisha pam. Uzito wa aina za samaki kwa safari: Bray na Curtis juu ya uzito uliochukuliwa kipeuo cha pili, mti wa wastani wa jozi. Urefu wa samaki: michanganyiko. Nukta za GPS: DBSCAN au HDBSCAN. Wastani wa K ningeubakiza kwa maelfu mengi ya mistari ya namba tupu, kama vipimo vya joto na chumvi ya maji kutoka kwa mashine inayorekodi kila dakika.

Wavuvi wa miguu, wanaochokoa pweza maji yakipwa, hawamo kwenye orodha yoyote ya vyombo, na hakuna njia kati ya hizi itakayowaona. Kama makundi yako yatatumika kugawa vibali au kupanga maeneo ya kufungwa, waandikie jedwali lao kabla ya kuendesha hesabu: sehemu wanazokanyaga, siku za bamvua na za maji mafu, zana, na uzito wa pweza. Kisha jedwali hilo lipelekwe pamoja na makundi ya vyombo, ukurasa uleule, kwa kamati ileile.